Jatiluwih: Kijiji cha mpunga kinachoishi kwa kugawana maji

KIJIJI cha Jatiluwih, kilichopo katika miteremko ya kusini ya Mlima Batukaru kisiwani Bali, Indonesia, hakina ufuko wa bahari, hakina kasri wala soko kubwa. Kilicho nacho ni majaruba ya mpunga yaliyopangwa kama ngazi, moja juu ya jingine, kutoka ukingoni mwa msitu hadi bondeni, na mifereji inayoyanywesha kwa zamu ambayo kila mkulima anaijua.

Majaruba hayo ndiyo yaliyokiingiza kijiji hicho katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2012, na ndiyo yanayowavuta wageni kutoka kila pembe ya dunia. Aidha, ndiyo chanzo cha mvutano kati ya kulima na kujenga, mvutano ambao mara nyingine huwamo ndani ya nyumba moja.

Kwa anayefikiria kwenda kutembea huko, au kuweka mtaji wake, jambo la kwanza la kulielewa ni kwamba mandhari ya Jatiluwih si maumbile pekee. Ni kazi ya mikono inayofanywa upya kila msimu: kuchimbua mifereji, kuziba kingo zilizobomoka, kusawazisha tope na kupandikiza miche. Kazi hiyo ikisimama, kinachobaki ni mteremko wa majani.

Mahali kilipo

Jatiluwih ipo katika tarafa ya Penebel, wilaya ya Tabanan, umbali wa kilomita zipatazo 50 kutoka Denpasar, makao makuu ya mkoa wa Bali. Kijiji kipo katika mwinuko wa takriban meta 700 kutoka usawa wa bahari, na baadhi ya mashamba yake yamepanda juu zaidi ya hapo.

Nyuma ya kijiji umesimama Mlima Batukaru wenye kimo cha meta 2,276, ambao ni wa pili kwa urefu kisiwani humo baada ya Mlima Agung. Msitu unaoufunika mlima huo ndio unaohifadhi mvua na kuiachia polepole kupitia chemchemi na mito inayotelemka kuelekea kusini. Udongo ni wa volkano, wenye rutuba na unaoshika maji vizuri.

Hali ya hewa ni ya ubaridi kuliko ile ya ufukweni. Mvua nyingi hunyesha kati ya Novemba na Machi, na hata katika miezi ya kiangazi ukungu huweza kuufunika mlima kuanzia mchana. Wilaya ya Tabanan inajulikana kwa muda mrefu kuwa ghala la mchele la Bali.

Kiutawala, Jatiluwih ni kijiji kama vijiji vingine vya Indonesia, chenye mwenyekiti na ofisi ya serikali. Lakini ndani yake vimo pia vijiji viwili vya desturi, yaani Jatiluwih na Gunungsari, vinavyosimamia mahekalu, maziko na mambo ya kimila. Kando ya hivyo kuna chombo cha tatu, ambacho ndicho kinachoshika uhai wa mashamba. Chombo hicho huitwa subak.

Subak ni nini

Subak ni ushirika wa wakulima wote wanaopata maji kutoka chanzo kimoja. Mipaka yake haifuati mipaka ya kijiji, bali hufuata njia ya maji. Mtu anaweza kuishi katika kijiji kimoja na kuwa mwanachama wa subak ya kijiji kingine, kwa sababu tu shamba lake linanyweshwa na mfereji wa huko.

Kwa mujibu wa Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni (Unesco), mfumo huo una historia inayofika nyuma hadi karne ya 9, na Bali nzima ina ushirika wa namna hiyo upatao 1,200, kila mmoja ukiwa na wakulima kati ya 50 na 400 wanaotumia chanzo kimoja.

Subak ya Jatiluwih ina mashamba yapatayo hekta 300. Kutokana na ukubwa huo, imegawanywa katika matawi, kila tawi likiwa na eneo lake na viongozi wake wadogo. Kiongozi wa subak nzima huitwa pekaseh. Huyu huchaguliwa na wakulima wenyewe, naye ni mkulima kama wao.

Kanuni za subak huitwa awig-awig. Humo huelezwa nani anapata maji lini, nani anatakiwa kufika kwenye kazi ya kusafisha mifereji, na faini ya anayechepusha maji usiku. Maamuzi makubwa hufanywa katika mkutano wa wanachama, na mwenye shamba kubwa hana sauti zaidi ya mwenye shamba dogo.

Mgao wenyewe hufanyika kwa njia rahisi kuiona na ngumu kuidanganya. Katika makutano ya mifereji huwekwa kizuizi cha mti au saruji chenye mapengo ya upana uliopimwa. Mto ukijaa, kila mmoja hupata zaidi; ukipungua, kila mmoja hupungukiwa kwa uwiano ule ule. Anayepita anaweza kuangalia mapengo hayo na kujua kama kuna aliyeongeza lake.

Mkulima na hekalu

Asilimia zaidi ya 80 ya wakazi wa Bali ni Wahindu, tofauti na sehemu kubwa ya Indonesia ambako Waislamu ndio wengi. Falsafa inayotajwa kuwa msingi wa subak huitwa Tri Hita Karana, yaani sababu tatu za ustawi: uhusiano mwema wa mtu na Mungu, wa mtu na mtu, na wa mtu na mazingira yake.

Falsafa hiyo haikubaki katika vitabu. Kila jaruba lina mahali padogo pa sadaka karibu na maji yanapoingilia. Kila tawi la subak lina hekalu lake, na juu kabisa lipo hekalu kuu la Pura Luhur Batukaru, lililojengwa ndani ya msitu katika kijiji jirani cha Wongaya Gede. Ibada hufuata hatua za mpunga: kuyapokea maji, kuanza kupanda, mpunga unapobeba mimba, na mavuno. Anayeheshimiwa katika ibada hizo ni Dewi Sri, mungu wa kike wa mpunga.

Kwa macho ya mgeni, hizo zinaweza kuonekana kuwa sherehe tu. Kwa mkulima, sherehe ni kalenda. Siku ya kuyapokea maji ikitangazwa, mashamba yote ya eneo hilo huanza kutayarishwa kwa wakati mmoja. Siku ya mavuno ikifika, yote hukauka kwa pamoja.

Mpunga wa asili wa Jatiluwih, unaotoa mchele mwekundu, una mabua marefu na huchukua takriban miezi mitano hadi sita kukomaa. Kwa desturi hupandwa mwanzoni mwa mwaka na kuvunwa katikati ya mwaka. Katika msimu wa pili wakulima hupanda mpunga wa muda mfupi au mazao mengine. Mchele huo mwekundu huuzwa kwa bei ya juu kuliko mchele wa kawaida, na nafaka zake hukaangwa na kuchemshwa kuwa kinywaji mfano wa chai.

Somo la miaka ya 1970

Thamani ya utaratibu huo ilidhihirika pale ulipovurugwa. Katika miaka ya 1970 serikali ya Indonesia, ikihangaika kuondokana na uagizaji wa mchele kutoka nje, iliwahimiza wakulima kutumia mbegu mpya zilizotokana na utafiti wa taasisi ya kimataifa ya mpunga iliyopo Ufilipino. Mbegu hizo zilikomaa haraka. Wakulima walielekezwa kupanda mara nyingi iwezekanavyo, kila mmoja kwa wakati wake, na kutumia mbolea na dawa za viwandani.

Mwanzoni mavuno yalipanda. Hata hivyo, haikuchukua muda mrefu kabla ya wadudu wa kahawia wanaofyonza mabua, pamoja na magonjwa ya virusi, kuanza kuteketeza mashamba. Kwa kuwa sasa daima kulikuwa na shamba bichi mahali fulani, wadudu hawakukosa chakula. Dawa nazo ziliwaua maadui wa wadudu hao, wakiwamo buibui. Mwaka 1986 Rais Suharto alitoa agizo la kupiga marufuku aina 57 za dawa katika kilimo cha mpunga.

Mwanaanthropolojia wa Marekani, J. Stephen Lansing, aliyefanya utafiti Bali katika kipindi hicho, alishirikiana na mwanaikolojia James Kremer kutengeneza programu ya kompyuta iliyoiga mtiririko wa mito na ratiba za upandaji. Matokeo yalionyesha kuwa ratiba iliyokuwa ikipangwa kupitia mahekalu ya maji ilikaribia sana ile inayotoa mavuno makubwa zaidi kwa wote.

Sababu yake inaeleweka kirahisi. Wakulima wote wa eneo moja wakipanda pamoja, maji hayatoshi kwa wakati mmoja. Kila mmoja akipanda kivyake, wadudu hawaishi. Kwa hiyo wa juu, ambaye angeweza kuyazuia maji, anamhitaji wa chini apumzishe shamba kwa wakati mmoja naye ili wadudu wafe njaa. Na wa chini anamhitaji wa juu amwachie maji. Hakuna anayeweza kuvuna vizuri peke yake.

Lansing aliyaeleza hayo katika kitabu chake kilichochapishwa mwaka 1991, na tangu hapo Bali imekuwa mfano unaotajwa katika vyuo vikuu vingi vinavyofundisha usimamizi wa rasilimali za pamoja.

Urithi wa Dunia

Mwaka 2012 Unesco iliyaingiza maeneo matano ya Bali katika orodha ya Urithi wa Dunia, yenye jumla ya hekta 19,500, kwa jina la mandhari ya kiutamaduni ya mfumo wa subak. Miongoni mwake limo eneo la Batukaru, ambamo Jatiluwih ndiyo sehemu inayofahamika zaidi kwa wageni.

Kilichoorodheshwa hapo si uzuri wa macho peke yake. Ni misitu inayolinda vyanzo, mahekalu, mifereji, mashamba na vijiji kwa pamoja, pamoja na ushirika unaoviunganisha.

Tangu hapo jina la kijiji limeendelea kukua. Mei 2024, wakati Bali ilipokuwa mwenyeji wa Kongamano la 10 la Maji Duniani, baadhi ya wajumbe walipelekwa Jatiluwih kuona subak inavyofanya kazi. Novemba mwaka huo huo, Shirika la Utalii la Umoja wa Mataifa lilikitaja kuwa miongoni mwa vijiji bora vya utalii duniani.

Kisiwa chenyewe kilipokea wageni wa kigeni zaidi ya milioni 6.3 mwaka 2024, idadi iliyopita kidogo ile ya mwaka 2019. Kati ya vipindi hivyo viwili ulipita ugonjwa wa Covid-19, ambapo katika mwaka mzima wa 2021 wageni wa kigeni walioingia Bali moja kwa moja hawakufika hata 100. Hoteli nyingi zilifungwa, na baadhi ya waliokuwa wakifanya kazi huko walirudi vijijini kushika jembe. Wenye mashamba walikuwa na pa kurudi.

Mabati katikati ya mpunga

Wageni wanapoongezeka, thamani ya kujenga hupanda haraka kuliko thamani ya kulima. Gunia la mchele mwekundu, hata likiuzwa kwa bei nzuri, haliwezi kushindana na mgahawa wenye meza zinazotazama bonde. Kodi ya ardhi, bei ya mbolea na uhaba wa vibarua humwelemea mkulima, na vijana wengi huona heri kufanya kazi ya hoteli kuliko kushinda kwenye tope.

Kwa upande mwingine, kila jengo linaloinuka juu ya jaruba linaondoa sehemu ya kile ambacho wageni wamefuata. Linaweza pia kukata mfereji unaopeleka maji kwa wengine walio chini.

Mvutano huo ulifikia hatua ya kuonekana na wote mwanzoni mwa Desemba 2025. Kamati maalumu ya baraza la wawakilishi la mkoa wa Bali, ikiwa pamoja na askari wa utawala, ilifika Jatiluwih na kufunga majengo 13 ya huduma za utalii, ikisema yamekiuka taratibu za kulinda mashamba ya mpunga.

Siku chache baadaye, baadhi ya wakulima waliingia katika majaruba na kusimika mabati na kutandaza plastiki nyeusi mahali ambapo wageni hupenda kupiga picha. Ujumbe wao ulikuwa wazi: kama wenye mashamba hawaruhusiwi kupata riziki kutokana na mandhari, basi mandhari yenyewe yafunikwe.

Pande zote mbili zilikuwa na hoja. Serikali ina sheria ya mwaka 2009 inayolinda mashamba ya chakula yasigeuzwe matumizi, na ina ahadi iliyotoa kwa dunia ilipoomba kuingizwa katika orodha ya Urithi. Wakulima nao waliuliza ni vipi wao waliolitunza bonde hilo kwa vizazi vingi wazuiwe kuuza hata kahawa na chakula pembeni mwa shamba, ilhali faida ya jina la kijiji inakwenda kwa hoteli na kampuni za utalii zilizo mbali.

Kijiji hutoza kiingilio kwa wageni, na mapato hayo hugawanywa kati ya serikali ya wilaya, kijiji, vijiji vya desturi na subak. Uzito wa kila fungu, na kiasi kinachomfikia mkulima mmoja mmoja baada ya gharama, ndilo swali ambalo mabati yale yalilisimamisha mbele ya kila mtu.

Kwa anayekwenda kutembea

Msafiri kutoka Afrika Mashariki kwa kawaida hufika Bali kwa kuunganisha ndege katika miji ya Ghuba, kama vile Dubai au Doha, au kwa kupitia Jakarta. Saa za Bali zipo mbele ya saa za Afrika Mashariki kwa saa 5. Kabla ya kukata tiketi, inafaa kuhakikisha katika ubalozi wa Indonesia masharti ya viza kwa raia wa nchi husika, na kubeba cheti cha chanjo ya homa ya manjano.

Tangu Februari 14, 2024, kila mgeni wa kigeni anayeingia Bali hutakiwa kulipa tozo ya mkoa ya rupia 150,000, ambayo ni mbali na viza na mbali na kiingilio cha Jatiluwih.

Uwanja wa ndege unaitwa I Gusti Ngurah Rai, jina la mpigania uhuru aliyeuawa na majeshi ya Uholanzi Novemba 20, 1946 katika mapigano ya Marga, ndani ya wilaya hiyo hiyo ya Tabanan. Mnara wa kumbukumbu wa mapigano hayo upo njiani kuelekea Jatiluwih, na unastahili kusimamiwa.

Mabasi ya kawaida hayafiki kijijini kwa ratiba ya kutegemewa. Wageni wengi hukodi gari pamoja na dereva, na safari kutoka kusini mwa kisiwa huchukua saa moja na nusu hadi mbili au zaidi, kutegemea msongamano. Barabara za mwisho ni nyembamba na zenye kona. Anayekodi pikipiki hutakiwa kuwa na leseni ya kimataifa ya pikipiki.

Kijijini zimo njia za miguu zilizowekewa alama, fupi kwa mwenye haraka na ndefu kwa mwenye siku nzima. Asubuhi ndiyo wakati mzuri, kabla ya ukungu na kabla ya magari ya watalii. Mwenye kutaka kuona maji yakimetameta ndani ya majaruba afike kipindi cha kupandikiza, mwanzoni mwa mwaka. Mwenye kutaka kuona rangi ya dhahabu afike karibu na mavuno ya Juni na Julai.

Kingo za majaruba ni njia za kazi. Ukingo uliokanyagwa ukabomoka humwaga maji ya mtu, hivyo mgeni hutakiwa kufuata njia zilizoonyeshwa na kumpisha mkulima aliyebeba mzigo. Anayeingia hekaluni huvaa kitambaa cha kufunga kiunoni na mshipi, na kwa desturi ya Wabali mwanamke aliye katika hedhi haingii.

Vyakula vya Wabali wengi hutumia nyama ya nguruwe, kwa hiyo Mwislamu anashauriwa kuuliza kabla ya kuagiza. Migahawa ya chakula cha halali ipo katika miji ya kisiwa hicho, ikiendeshwa zaidi na watu waliotoka Java na Lombok, na wali mwekundu kwa mboga na samaki hupatikana.

Jambo jingine la kuangalia katika kalenda ni Nyepi, mwaka mpya wa Kibali unaoangukia Machi au mwanzoni mwa Aprili. Siku hiyo, kwa saa 24, uwanja wa ndege hufungwa, taa huzimwa na hakuna anayetembea barabarani, awe mwenyeji au mgeni.

Eneo linalozunguka kijiji lina mengi. Kaskazini mashariki lipo Ziwa Beratan, katika nyanda za Bedugul, pamoja na hekalu lake la Ulun Danu na bustani ya mimea iliyoanzishwa mwaka 1959. Kusini, kwenye mwamba wa pwani, lipo hekalu la Tanah Lot. Upande wa Mengwi, katika wilaya jirani ya Badung, lipo hekalu la kifalme la Taman Ayun, ambalo nalo ni sehemu ya Urithi wa Dunia. Karibu na mji wa Tabanan kuna Makumbusho ya Subak, ambako zana za kilimo na vielelezo vya mifereji humsaidia mgeni kuelewa anachokwenda kukiona.

Kwa anayekwenda kuwekeza

Sheria ya msingi ya ardhi ya Indonesia, namba 5 ya mwaka 1960, inampa haki kamili ya umiliki wa ardhi raia wa Indonesia peke yake. Mgeni anaweza kukodi, au kupata haki ya matumizi kwa muda maalumu. Na kampuni yenye mtaji wa kigeni iliyosajiliwa nchini humo inaweza kupata haki ya kujenga kwa miaka 30, inayoweza kuongezwa na kisha kufanywa upya.

Njia ya mkato ambayo baadhi ya wageni wameitumia ni kununua ardhi kwa jina la mwenyeji. Sheria hiyo hiyo inaitamka njia hiyo kuwa batili. Mwenye fedha anaweza kupoteza kila kitu bila ya kuwa na mahali pa kudai.

Kampuni ya kigeni hutakiwa pia kuwa na mpango wa uwekezaji unaozidi rupia bilioni 10 kwa kila aina ya biashara, bila ya kuhesabu ardhi na majengo. Kiwango hicho kimewekwa makusudi ili biashara ndogondogo zibaki mikononi mwa wenyeji.

Bali ina masharti yake zaidi ya hayo. Majengo kwa kawaida hayaruhusiwi kuzidi kimo cha meta 15, kipimo kinacholinganishwa na urefu wa mnazi. Ardhi iliyotengwa kuwa shamba la chakula haitolewi kibali cha hoteli kwa sababu tu mwenyewe amekubali kuiuza. Baada ya mafuriko ya Septemba 2025 yaliyoua watu zaidi ya 15 kisiwani humo, Gavana Wayan Koster alitangaza nia ya kusitisha vibali vya kujenga hoteli na migahawa katika mashamba yanayolimwa.

Mwekezaji anafaa pia kuisoma historia ya wilaya hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, mradi wa hoteli na uwanja wa gofu karibu na Tanah Lot ulizua upinzani mkubwa. Mwaka 1994 baraza la Wahindu la Indonesia lilitoa mwongozo wa kutenga maeneo matakatifu kuzunguka mahekalu, hadi kilomita 5 kwa mahekalu makuu ya kisiwa. Miaka kadhaa baadaye, mradi wa umeme wa jotoardhi katika milima ya Bedugul ulikwama baada ya viongozi wa dini na wa mkoa kusema kuwa msitu huo ni mtakatifu na ni chanzo cha maji.

Katika visa vyote viwili, upinzani mzito ulitoka kwa watu wa mahali hapo, na makaratasi ya Jakarta hayakutosha kuunyamazisha. Katika Jatiluwih, anayetafuta kibali anahitaji kusikilizwa na serikali ya wilaya, kijiji, kijiji cha desturi na subak. Pekaseh hana muhuri wa wizara, lakini anajua kila mfereji unapopita na ni shamba la nani litakalokauka ukizibwa.

Nafasi za kuwekeza bila ya kuligusa shamba zipo. Mchele mwekundu unahitaji maghala mazuri, mashine za kukoboa, vifungashio na masoko ya nje ya kijiji. Nyumba za wenyeji zinaweza kuboreshwa zipokee wageni pale pale zilipo. Usafiri wa pamoja kutoka kusini mwa kisiwa ungepunguza magari yanayobanana kwenye barabara nyembamba. Mitaji ya aina hiyo hupata faida pale tu mkulima naye anapopata, kwa kuwa bila mpunga hakuna cha kukoboa wala cha kutazama.

Kipimo

Miaka ya 1970 ilionyesha kuwa mashamba ya Bali hayastahimili kila mtu kujiamulia lake. Miaka hii ya utalii inaleta mtihani ule ule kwa sura nyingine: maji yana utaratibu wa kugawanywa uliodumu kwa karne nyingi, lakini fedha za wageni bado hazijapata wake.

Katika makutano ya mifereji ya Jatiluwih, kila mkulima anaweza kusimama na kuliona fungu la jirani yake. Siku mapato ya kiingilio, ya migahawa na ya hoteli yatakapoweza kutazamwa hivyo hivyo, sababu ya kusimika mabati itakuwa imekwisha. Mpaka wakati huo, mgeni anayenunua mchele kwa mkulima na kula katika meza ya mwenyeji ameanza kulipa deni la kile alichokuja kukitazama.